Kupe wa Mheshimiwa

Jumatatu, tarehe 3

Nafasi ni moja. Sisi ni wawili. Ofisi yetu ya mifugo imekaa na makarani wawili wa matazamio kwa miezi kumi na moja, mimi na Bi Rula, na leo Daktari, mkuu wetu, ametangaza kwamba mmoja atathibitishwa kazini na mwingine ataagwa kwa heshima. Sijawahi kuona mtu aliyeagwa kwa heshima akirudi hata kuchukua kikombe chake.

Bi Rula si jina lake. Anapiga mstari chini ya kila kitu, hata chini ya tarehe, hata chini ya sahihi yake. Watu wanamsifu. Mimi pia nina rula. Hakuna anayeiulizia.

Mtihani wenyewe ni kupe. Daktari anataka ramani ya kata zetu nane ionyeshe kupe gani anaishi wapi, nani anapenda unyevu, nani anavumilia ukame. Bi Rula kapewa kata nne za mlimani, zenye ukungu na majani. Mimi nne za tambarare, zenye vumbi na miiba. Haki kabisa. Kila kata ng'ombe watano.

Kanuni nimeinakili neno kwa neno: hesabu kupe wa upande mmoja wa ng'ombe, kuanzia sikio mpaka mkia, kisha zidisha kwa mbili. Ng'ombe hana subira ya kuhesabiwa pande zote, alisema Daktari. Baada ya hapo chukua kupe kadhaa kwa kibano, watie kwenye kichupa cha spiriti, andika lebo kwa penseli. Si kwa kalamu, maana spiriti hufuta wino. Yote haya nimeyaandika kwa kalamu.

Nikauliza kama kupe humuuma binadamu. Daktari akasema mara chache. Nikauliza chache ngapi. Bwana Hadubini wa maabara alicheka mpaka akavua miwani.

Kaka yangu mkubwa ana stoo ya saruji. Kaniambia kazi hii ikinishinda nitakwenda kupakia mifuko kwake. Ni mtu wa mipango. Ameshaninunulia glavu.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Naogopa ng'ombe. Miezi kumi na moja nimewajua kwenye mafaili tu. Kwenye mafaili ni wanyama wapole sana.

Jumanne, tarehe 4

Nilikwenda. Naandika hivyo kwa sababu huenda siku moja ukahitajika ushahidi.

Dereva alinishusha kata ya kwanza, mbele ya zizi la miiba, akasema atarudi saa tisa, akaondoka kabla sijamaliza kusema "lakini". Mwenye zizi ni mama mmoja aliyening'iniza redio ndogo shingoni. Alinikaribisha vizuri, akauliza nianze na ng'ombe yupi. Nikasema aliye mdogo. Akaleta ndama. Nikauliza kama kuna mdogo zaidi.

Ng'ombe akiwa mbali ana ukubwa wa kawaida. Akiwa karibu hana mwisho. Nilinyoosha kibano kuelekea sikio, naye akalitikisa, nami nikajikuta nje ya uzio. Nilivyopita sikumbuki. Suruali inakumbuka.

Jaribio la pili alinikanyaga. Mama mwenye redio akanihakikishia kwamba hakukusudia. Kidole gumba cha mguu kimeyapokea maelezo hayo kwa uvimbe.

Kisha nikaona kitu kwenye soksi yangu. Kupe! Nilipiga kelele. Mama akazima redio ili anisikie vizuri, akamng'oa kwa kucha mbili, akamtia kiganjani mwangu. "Mwanangu," akasema, "hata huyu ana roho kukushinda. Yeye humwendea ng'ombe bila kibano."

Jumla ya kazi ya leo: upande mmoja wa mwili wangu, kupe mmoja. Kwa kanuni, wawili. Nimejikagua upande wa pili kwa kioo mpaka shingo imekakamaa. Huyo wa pili sijampata. Yuko wapi?

Jumatano, tarehe 5

Bi Rula amerudi kutoka mlimani na mavi ya ng'ombe kwenye sketi, anaimba. Ameshamaliza kata mbili. Vichupa vyake vimesimama kwenye dirisha la maabara kama wanafunzi kwenye gwaride. Chini ya kila lebo, mstari.

Wakati wa chai akatuhubiria maisha ya kupe. Jike akishiba damu huanguka chini, hutaga mayai elfu kadhaa, hufa. Watoto wakianguliwa hupanda ncha za nyasi, hunyoosha miguu ya mbele na kusubiri mnyama apite. Wanaweza kusubiri miezi bila kula. Nikasema hao wako kwenye kipindi cha matazamio. Daktari akacheka. Bao la kwanza kwangu. Bi Rula hakucheka. Aliandika kitu, akakipigia mstari.

Bwana Hadubini naye akaanza. Kwamba mlimani wamejaa kupe wa masikio, wale wadogo wa kahawia wanaoeneza homa ya ndigana na kuua ndama. Kwamba huko kwangu tambarare nitakuta wale wakubwa wenye miguu ya mistari. Akaendelea na jambo fulani kuhusu mayai ya yule mdogo kukaukia juani. Nilitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza. Nilikuwa na mambo yangu.

Mambo yenyewe: mama mdogo ana ng'ombe! Mmoja, mpole, hatembei bila kubembelezwa. Anamwita Mheshimiwa kwa sababu anakula, analala na hatoi maelezo. Anakaa bondeni kando ya kijito, dakika kumi kutoka ofisini. Hajaogeshwa tangu josho la huko liharibike. Kupe ni kupe. Nani atamuuliza kupe cheti cha kuzaliwa?

Alhamisi, tarehe 6

Kazi imekamilika. Kata nne, ng'ombe ishirini, na sikutoka kwa mama mdogo.

Mama mdogo alichuma kupe kwenye masikio ya Mheshimiwa kama anayechambua mchele. Mimi nilisimamia kutoka nyuma ya mlango wa jikoni, nikapokea kwa mkono mmoja kupitia ufa. Akauliza ni kwa ajili ya nini. Nikasema sayansi. "Sayansi gani hii inayojificha nyuma ya mlango?" Nikamweleza kwamba mtafiti hatakiwi kumbughudhi mnyama. Akasema mnyama anakula majani, haonekani kubughudhiwa, anayetetemeka ni mtafiti.

Kupe arobaini na watatu. Nikawagawa kwenye vichupa vinne kwa uadilifu mkubwa. Lebo kwa penseli. Chini ya kila lebo nimepiga mstari. Tuone sasa.

Kisha fomu. Hapa ndipo usomi unapoonekana. Mtu asiye na shule angejaza kumi, ishirini, thelathini, akakamatwa asubuhi yake. Mimi nilikaa, nikafikiri. Namba shufwa zina harufu ya kupikwa. Ni laini mno, zinateleza. Witiri zina ukweli, zina makwaruzo. Basi nikaandika 37, 21, 43, 15, 29 na kuendelea, ng'ombe wote ishirini, bila hata shufwa moja. Nilipomaliza nilizitazama. Mimi mwenyewe karibu niziamini.

Mama mdogo aliomba nimshikie Mheshimiwa kamba kidogo. Nikamwambia nina kikao.

Ijumaa, tarehe 7

Nimekabidhi ripoti. Bi Rula alikabidhi yake jana jioni. Yake ina matope. Yangu ni safi kama shuka la hospitali. Daktari aliipapasa kwa vidole kabla ya kuisoma.

Saa nne Bwana Hadubini akainama kwenye hadubini yake na kichupa changu cha kwanza. Akachukua cha pili. Cha tatu, cha nne. Akanyanyuka akamwita Daktari kwa sauti ya mtu aliyeona moshi.

Wote ni kupe wa masikio. Kata zote nne. Hajawahi kupatikana hata mmoja huko tambarare tangu ofisi ijengwe, maana hawezi ukame. Ndipo nilipokumbuka habari ya mayai.

Nikangoja kufukuzwa. Badala yake Daktari akanikumbatia! Kupe wamehama, alisema. Mpaka wao umesogea, na aliyegundua ni karani wake mwenyewe. Akachukua penseli ya kahawia akapaka tambarare yote kwenye ramani mpaka risasi ikakatika. Akapiga simu makao makuu, nikamsikia akinitaja kwa maneno "kijana wangu hodari". Kisha akaandika barua yenye maneno hayohayo, nakala tatu.

Bi Rula alikuja mezani kwangu akaniuliza nyasi za huko zina urefu gani. Nikasema za kiasi. Akauliza umande ukoje. Nikasema wa kiasi pia. Akanitazama. Wivu ni kitu kibaya.

Kaka amepiga simu kuuliza saizi ya viatu vyangu. Nimemwambia asijisumbue.

Jumamosi, tarehe 8

Ugunduzi wangu unakua. Sikuuomba ukue.

Daktari amezuia ng'ombe wote wa tambarare. Hakuna kutoka wala kuuzwa mpaka kata zote zikaguliwe, kusudi ndigana isisambae. Mnada wa Jumanne umefutwa. Tangazo nimelipiga chapa mwenyewe, halina kosa hata moja. Jumatatu anakuja mtaalamu kutoka makao makuu kuona vichupa vyangu.

Saa tano mama mwenye redio aliingia ofisini. Nilikuwa kaunta peke yangu. Redio ilikuwa imezimwa. Alisema ana fahali aliyemnenepesha miezi saba kwa ajili ya mnada huo, apate mabati kabla ya mvua, kwa sababu paa lake la sasa ni jina tu. Nikamwambia ni amri ya kitaalamu. Akaniegemea.

"Hao kupe uliwahesabu kwa nani, mwanangu? Kwangu ulimpata mmoja, tena kwenye soksi."

Nikajibu kwamba utafiti una hatua nyingi. Akaomba kumwona Daktari. Nikasema Daktari yuko kwenye mkutano. Daktari alikuwa chumba cha pili, na kijiko chake kilisikika kikigonga kikombe. Mama alikisikiliza mpaka kikanyamaza. Akatoka bila kufunga mlango.

Ningeweza kumfuata. Ningeweza pia kugonga mlango wa Daktari na kusema ukweli. Niliyapima yote mawili kwa makini, nikazikumbuka glavu. Halafu likanijia wazo zuri zaidi: ukweli wenyewe unaweza kutengenezwa. Nikiwapeleka kupe wachache wazima tambarare, mtaalamu atawakuta, na ripoti yangu haitakuwa ya uongo tena. Itakuwa imewahi tu.

Jumapili, tarehe 9

Mheshimiwa ameogeshwa. Mama mdogo aliona aibu baada ya kuhesabu kupe arobaini na watatu kwenye ng'ombe wake mwenyewe. Ijumaa akamkokota mpaka josho la kijiji jirani. Ng'ombe anang'aa. Nilimwambia amenimaliza. Akasema yeye alidhani hiyo ndiyo faida ya sayansi.

Alimpekua sikio kwa sikio kwa ajili yangu, akapata watatu tu, ndani kabisa, walegevu kwa dawa lakini wanatembea. Akawatia kwenye kopo la mafuta ya nywele, akatoboa mfuniko kwa msumari wapate hewa. Nikalitia kopo mfuko wa koti. Sikupumua njia nzima.

Nilipofika nyumbani nikafungua. Kopo tupu. Msumari wa mama mdogo ulikuwa wa kupigia mbao.

Nimekung'uta koti uani mara tisa. Hakuna kitu. Nimelala juu ya meza kujipumzisha. Meza ina miguu, kupe wanapanda, lakini angalau ningewaona wakija.

Jumatatu, tarehe 10

Naandika hili nikiwa stoo ya ofisi, kwenye sanduku la chanjo, mlango nimeuegemea.

Mtaalamu ni mama mfupi, mkimya, miwani imefungwa kamba. Tulikaa chumba cha mikutano: yeye, Daktari, Bwana Hadubini, Bi Rula na mimi. Asubuhi nilikuwa nimetundika koti langu kwenye msumari wa mlangoni, juu ya koti la Daktari, ambalo yeye alilivaa kuingia kikaoni. Nalitaja kwa sababu katikati ya hotuba yake ya ufunguzi Daktari alianza kujikuna sikio. Bwana Hadubini akainuka, akamsogelea, akachukua kibano. Akatangaza: kupe wa masikio, jike, mzima.

Daktari hakuogopa hata kidogo. Alisimama akiwa ameshika sikio, macho yanameta, akasema mnaona, mnaona, wameshafika mpaka mjini! Nikakubali kwa kichwa. Kwa dakika nzima mambo yalikuwa mazuri.

Mtaalamu hakufungua vichupa. Hakutazama ramani. Alichukua fomu yangu tu, akaisoma taratibu, kidole kikishuka namba baada ya namba. Karatasi safi, maandishi mazuri. Nilijiona nimethibitishwa.

"Kijana," akasema, "huyu ng'ombe wa kwanza ana kupe thelathini na saba. Upande mmoja ulihesabu wangapi?"

Mimi ni mwepesi wa hesabu. Hilo ndilo lililoniponza. Nikajibu papo hapo: "Kumi na wanane na nusu, mama."

Nilisikia kalamu ya Bi Rula ikiwekwa mezani.

"Huyo nusu alikuwa wapi?"

Mtu mwoga hufikiri haraka. Nikasema kupe huyo alikuwa amekaa mgongoni, katikati kabisa, nusu huku, nusu kule.

"Kwa ng'ombe wote ishirini?"

"Ndiyo, mama. Ukame umewafanya wapende katikati."

Bwana Hadubini aligeukia ukutani, mabega yakitikisika. Bi Rula hakucheka. Alilitazama koti langu pale mlangoni, akalitazama sikio la Daktari, kisha akaniambia kwa upole, na upole huo ndio umenichoma, kwamba ni afadhali niseme mwenyewe. Nikasema. Nilisema yote: soksi, Mheshimiwa, mlango wa jikoni, kopo, msumari. Nilitaja hata meza niliyolalia, ingawa hakuna aliyeuliza.

Daktari alikaa. Akaichukua ramani yake, akaanza kufuta rangi ya kahawia kwa ufutio, kata baada ya kata. Hakuniangalia. Nilitoka nikaja hapa. Wanaongea. Nasikia neno "heshima" mara mbili.

Jumanne, tarehe 11

Bi Rula amethibitishwa. Amepewa barua na funguo za kabati.

Mimi sikuagwa. Sababu si huruma. Makao makuu wana barua nakala tatu inayosema mimi ni kijana hodari, na kunifukuza kunahitaji Daktari aandike nyingine kueleza hodari wake amekwenda wapi. Kwa hiyo nimeongezewa miezi mitatu ya matazamio, josho kuu la tambarare, kuhesabu kupe. Na mimi, peke yangu kati ya wafanyakazi wote, nimeondolewa kwenye kanuni. Daktari alinyoosha kidole karibu na pua yangu: sitazidisha chochote. Nitahesabu upande wa kushoto, nitahesabu wa kulia, nitajumlisha, itoke shufwa au witiri. Kila ng'ombe. Miguu ikiwemo.

Zuio limefutwa na mnada umefanyika. Adhabu yangu ya leo ilikuwa kutangaza hivyo mwenyewe kwa kipaza sauti, nimesimama juu ya kreti katikati ya ng'ombe mia nne. Sauti ilitoka nyembamba. Wachungaji waliomba nirudie. Nikarudia. Walikuwa wamesikia mara ya kwanza.

Mama mwenye redio alipita na fahali wake. Fahali ana ukubwa wa kabati la nguo. Nikashuka nikamwomba mama radhi, maneno yakanishinda katikati. Alinikabidhi kamba ya fahali, akaenda kuzungumza na mnunuzi, akachukua muda wake. Nilisimama pale nimeishika kamba. Fahali alinipumulia kichwani. Niliomba dua zote ninazozijua, nyingine mara mbili.

Aliporudi alikuwa ameshauza. Akachukua kamba, akasema: "Umeona? Hakukula." Akawasha redio.

Kaka amepiga simu. Glavu anazitunza.

Alhamisi, tarehe 13

Siku yangu ya kwanza josho. Wameletwa ng'ombe arobaini. Wanapita mmoja mmoja kwenye njia nyembamba ya zege, wanatumbukia kwenye dawa, wanatoka upande wa pili wakitikisa maji na hasira. Mtunza josho ni mzee mcheshi, hana maswali. Amenipa kiti.

Nilianza vizuri. Ng'ombe wa kwanza, upande wa kushoto, nilimkaribia hatua mbili kamili. Akageuza kichwa. Nikaona ni busara kumwachia nafasi.

Kiti kiko mbali kidogo na njia, chini ya paa la bati, na kutoka hapa ng'ombe anaonekana wote kwa jumla. Mtu mwenye uzoefu haoni haja ya kuhesabu kupe mmoja mmoja. Na uzoefu sasa ninao. Wiki iliyopita nilikosa kwa sababu moja tu, nami nimeitafakari kwa utulivu, bila kujionea huruma, kama msomi anavyopaswa. Kosa lilikuwa witiri.

Nimejaza fomu. Ng'ombe arobaini: 36, 22, 44, 14, 28 na kuendelea. Nimezikagua mara tatu. Shufwa zote, hakuna hata moja iliyoponyoka. Chini ya kila moja nimepiga mstari.

Sasa yule mama mwenye miwani ya kamba na aje. Achukue namba yoyote anayotaka, agawe kwa mbili. Nusu hataipata.